Uadimu haupandi Kitonga

Anayependa kuendesha gari, akiwa mkazi wa Mbeya au Iringa, yuko mahali pazuri kuliko wengi nchini. Ana Mlima Kitonga, ambako barabara kuu ya kwenda Zambia inaliacha joto la Ruaha Mbuyuni na kupanda kwa kona zinazofuatana ubavuni mwa mlima. Ana njia ya Mbeya kwenda Chunya, inayokwea hadi kwenye ukungu na baridi kabla ya kuteremka upande wa pili. Ana Uyole hadi Tukuyu, katikati ya viazi, chai na migomba, na ana njia za vumbi jekundu za Mufindi zinazopita ndani ya mashamba ya misindano. Barabara anazo, swali ni gari. Na wenye pesa wanapokaa kuzungumzia magari ya spoti, hawakawii kufika kwenye matoleo maalumu, yale yanayotengenezwa kwa idadi iliyotangazwa mapema, kila moja na namba yake kwenye kibao kidogo, na ambayo inasemekana humpa mwenyewe raha ya usukani leo na faida ya mnada kesho. Ahadi hiyo ya mambo mawili kwa bei moja inastahili kupimwa, na Nyanda za Juu Kusini ni kipimo kizuri, kwa sababu mwinuko wake, vumbi lake na kodi za nchi havisomi kibao.

Msimamo wangu ni huu: uadimu wa magari haya una asili mbili, na wanunuzi wengi huzichanganya. Kuna gari lililokuwa adimu kwa sababu lilitengenezwa kwa ajili ya kazi fulani, kwa kawaida mashindano, na kiwanda kikatoa idadi iliyohitajika kisha kikaendelea na mambo mengine. Kuna gari jingine lililokuwa adimu kwa sababu idara ya mauzo ilikaa mezani ikachagua namba. La kwanza mara nyingi ni tamu kuendesha, na bei yake hupandishwa na historia yake. La pili huwa na bei kabla ya kuwa na historia, na bei hiyo hutegemea mtengenezaji asibadili mawazo. Kwa dereva wa Mbeya, la pili ni hasara pande zote mbili.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Porsche 911 R ya mwaka 2016. Yalitengenezwa magari 991, na namba hiyo haikutokana na hesabu yoyote ya kiwandani. 991 ni jina la kizazi cha 911 kilichokuwa sokoni wakati huo. Gari lenyewe lilikuwa zuri kweli: injini ya lita 4 isiyo na turbo, nguvu farasi 500, gia sita za mkono, uzito wa kilo 1,370. Marekani bei yake ya dukani ilikuwa kama dola 185,000, na muda mfupi baadaye wauzaji wa pembeni walikuwa wakiitangaza kwa zaidi ya milioni moja. Kisha mwaka 2017 kampuni hiyohiyo ikatoa GT3 Touring, yenye injini ya lita 4, nguvu farasi 500 na gia sita za mkono, bila kikomo cha idadi. Bei za 911 R zikateremka. Raha ya kuendesha haikupungua hata chembe, maana chuma ni kilekile. Kilichoporomoka ni hadithi kwamba raha hiyo haipatikani kwingine. Aliyenunua ili aendeshe hakupoteza kitu. Aliyenunua ili afungie alijifunza kwamba uadimu wake ulikuwa mikononi mwa mtu mwingine. Namba za aina hii ziko nyingi: Lamborghini ilitangaza Huracán Sterrato 1,499, kana kwamba gari la 1,500 lingeharibu kila kitu, na Subaru ilitoa S203 zipatazo 555, namba iliyokuwa jina la sigara zilizowahi kuidhamini katika mbio.

Upande wa pili ndio unaotuhusu sisi wa Afrika Mashariki, kwa sababu sehemu kubwa ya historia yake iliandikwa hapa. Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na tangu mwanzo yaliwafundisha watengenezaji kwamba gari la barabara ya lami haliwezi kupambana na tope la masika kwa jina lake tu. Baadaye kanuni za kimataifa zilitaka kila gari la mashindano litokane na gari linalouzwa kwa watu: 200 kwa daraja lililoitwa Kundi B, 5,000 kwa lile la Kundi A kabla ya idadi kupunguzwa hadi 2,500. Hivyo Toyota ikatengeneza Celica Twin-Cam Turbo kwa idadi ndogo, na gari hilo, lililosukumwa na magurudumu ya nyuma tu wakati Audi walikwishaonyesha dunia faida ya magurudumu manne, likashinda Safari mara tatu mfululizo, mwaka 1984, 1985 na 1986. Celica GT-Four iliyofuata ilikuwa na toleo la magari 5,000 lenye kipozea hewa ya turbo kinachotumia maji, na kizazi hicho kikatwaa Safari kuanzia 1992 hadi 1995, mara moja kikiwa mikononi mwa Mkenya Ian Duncan. Hakuna aliyekaa kufikiria namba ya kupendeza. Kanuni zilisema idadi, wahandisi wakaweka kwenye gari la dukani vifaa ambavyo wasingeruhusiwa kuviongeza baadaye, na mnunuzi wa kawaida akapata gari lililotengenezwa kuvumilia.

Ni haki kusema kwamba Subaru Impreza 22B, gari ambalo vijana wengi wa Mbeya wanalijua kwa picha kuliko wanavyozijua Ferrari, liko katikati ya asili hizi mbili. Lilitoka mwaka 1998, na kanuni hazikulidai, kwa kuwa tangu 1997 magari ya ubingwa wa dunia yaliruhusiwa kutengenezwa kwa utaratibu mwingine. Lilikuwa ukumbusho: miaka 40 ya Subaru, na mataji matatu mfululizo ya watengenezaji kuanzia 1995 hadi 1997. Japani ilipata magari 400 na yaliisha upesi, mengine machache yakaenda Uingereza na Australia. Lakini ukumbusho huo ulikuwa wa jambo lililotokea kweli. Bodi yake iliyopanuliwa kwa milimita 80 ilifuata gari ambalo Colin McRae alishindia Safari ya 1997 nchini Kenya. Mwaka 2023, gari la majaribio la 22B lililokuwa mali ya McRae liliuzwa Uingereza kwa zaidi ya pauni 480,000. Bei ya namna hiyo haiwezi kufutwa na toleo jipya la mwaka ujao, kwa sababu hakuna kiwanda kinachoweza kutoa upya Safari ya 1997.

Sasa tuyapeleke magari haya Mbeya mjini, kwenye mwinuko wa takribani mita 1,700. Hewa ya hapo ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Dar es Salaam, na injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Nguvu farasi 500 za 911 R zinakuwa kama 425. Zile 610 za Sterrato, yenye silinda kumi na isiyo na turbo, zinashuka hadi 520 hivi, na ukipanda kuelekea Chunya zinaendelea kupungua. Injini ya turbo hufidia sehemu kubwa ya pengo hilo kwa kuisukuma hewa zaidi, ingawa hufanya kazi ngumu na kupata joto zaidi. Ndiyo maana gari dogo la turbo linaweza kumpa dereva wa huku kitu ambacho kwenye karatasi lilinyimwa. Wataalamu wa magari wa Ulaya husifu injini zisizo na turbo kwa mlio wake na jinsi zinavyoitikia mguu, na wana haki, kwa huko waliko. Sifa hizo zimeandikwa karibu na usawa wa bahari. Anayezinukuu akiwa Uyole anasoma hali ya hewa ya mji mwingine.

Kisha kuna ardhi yenyewe. Matuta, viraka vya lami, mifereji ya mvua inayokatiza njia ya vumbi: hapa raha inaanza na nafasi iliyopo kati ya chini ya gari na barabara, na pia na shokapu, kabla hata ya injini. Porsche 911 Dakar, iliyotangazwa mwaka 2022 kwa idadi ya 2,500, ina nafasi ya milimita 161 na inaweza kujiinua hadi 191, ina turbo mbili, na inasukumwa na magurudumu yote manne. Sterrato ina milimita 171. Kwa vipimo vyote ninavyovijali hapa, Dakar inaishinda Sterrato, na inaishinda 911 R kwa mbali, ijapokuwa ndiyo yenye idadi kubwa kuliko zote tatu na haina gia za mkono, kasoro ambayo sitaitetea. Kuna kichekesho kidogo pia. Porsche iliiuza Dakar ikiwa na chaguo la mapambo ya kukumbusha Safari za 1971, 1974 na 1978, na katika miaka hiyo yote mitatu haikushinda. 1974 Björn Waldegård alimaliza wa pili nyuma ya Joginder Singh na Mitsubishi Lancer yake. Lakini hata kushindwa kwa heshima katika tope letu kumegeuka kuwa kitu cha kuuzia, jambo linaloonyesha wakusanyaji wanalipia nini hasa.

Toleo maalumu linaweza hata kuwa baya zaidi kwetu kuliko gari la kawaida lililolizaa. Mitsubishi Lancer Evolution VI iliyopewa jina la Tommi Mäkinen, bingwa wa dunia mara nne mfululizo kuanzia 1996 hadi 1999, ni mojawapo ya magari ya Kijapani yanayotafutwa sana. Turbo yake iliboreshwa ili iitikie haraka. Ila ilishushwa chini kwa milimita 10 ikilengwa barabara za lami, na milimita 10 ni nyingi kwa mtu anayeingia kijijini baada ya mvua. Evolution VI ya kawaida, ambayo mkusanyaji wa London hataitazama mara mbili, ingemfaa zaidi dereva wa Mafinga. Hapo ndipo mtu anapoona kwamba orodha ya magari yenye bei kubwa na orodha ya magari yenye raha ni orodha mbili, zinazokutana mahali na kuachana mahali.

Pingamizi la kwanza ni zito na linatoka barabarani. Raha gani, mtu atauliza, kwenye barabara kuu iliyojaa malori ya Tunduma, mabasi ya usiku, bodaboda na watoto wa shule, ambako jina la Kitonga hutajwa redioni kwa ajali kuliko kwa mandhari? Nakubaliana na nusu ya hoja. Gari la nguvu farasi 500 kwenye barabara kuu ya umma haliwezi kutumika hata robo, na trafiki mwenye tochi pale mwisho wa mteremko hatakuuliza ni toleo la ngapi. Lakini hilo linaiongezea nguvu hoja yangu. Kama mwendo wa kisheria ni kilomita 50 kwenye makazi ya watu, basi gari linalostahili ni lile linalomfurahisha dereva kwenye mwendo huo: usukani unaozungumza na mkono, gia inayoingia sawasawa, bodi nyepesi. Anayetaka zaidi ya hapo ana mahali pake. Iringa imekuwa ikiandaa raundi za ubingwa wa taifa wa mbio za magari, Mkwawa Rally ikiwemo, ambako barabara inafungwa, kofia ngumu inavaliwa na saa inaamua. Kitonga, yenye foleni ya malori yanayopanda kwa gia ya kwanza, ibaki ya subira.

Pingamizi la pili linatoka kwa wakusanyaji wenyewe: gari likiendeshwa linapoteza thamani, kwa hiyo raha na faida ni maadui. Ushahidi wao upo. Mwaka 2020 Datsun 240Z ya 1971 iliuzwa Marekani kwa dola 310,000, bei ya kushangaza kwa gari lililotengenezwa kwa wingi, na sababu kubwa ni kwamba lilikuwa limetembea maili 21,000 tu na lilikuwa kama lilivyotoka kiwandani. Lakini tujiulize kwa nini mtu atamani 240Z safi hivyo. Gari hilo halikuwa toleo maalumu. Lilishinda Safari ya 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann na ya 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, na kote duniani maelfu ya watu waliliendesha wakalipenda. Lile lililohifadhiwa linalipiwa kwa sifa zilizochumwa na yaliyochakaa. Na yako magari yaliyotumiwa ambayo bei haikuyaadhibu. Ferrari 250 GTO zilikuwa 36, karibu zote zikakimbizwa na kugongwa na kutengenezwa upya, na mwaka 2018 moja iliuzwa mnadani kwa dola milioni 48.4. Mchekeshaji Rowan Atkinson, ambaye wengi wetu tunamjua kama Mr. Bean, alinunua McLaren F1 mwaka 1997 kwa pauni 540,000, akaiendesha maili zaidi ya 40,000, akaigonga mara mbili, kisha mwaka 2015 akaiuza kwa pauni milioni 8. Gari ambalo thamani yake yote inafutwa na kilomita elfu kumi za kuendeshwa halikuwa na thamani kubwa ya kwake. Lilikuwa na ufungashaji mzuri.

Zaidi ya hayo, mjadala wa faida ya mnada unasahau bandari ya Dar es Salaam. Chukua 22B yenye bei ya 100, ikiwa imefika na usafiri na bima. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, tunafika 125. Kwa injini inayozidi sentimita za ujazo 2,000 kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 10, na kwa kuwa gari lina zaidi ya miaka kumi kuna asilimia 30 nyingine ya uchakavu, tunafika 175. Ongeza asilimia 18 ya VAT, unapata 206 na ushee, bila tozo ndogondogo. Yaani mbele ya kodi, gari ambalo dunia inaliita hazina ni gari chakavu, na linaadhibiwa kwa umri uleule unaolipandisha bei Tokyo na London. Dakar mpya, isiyo na adhabu ya umri, ingefika 162. Pesa hiyo hairudi ukitaka kuuza nje, kwa sababu mnunuzi wa Uingereza hatalipia kodi uliyolipa Tanzania. Ili mwekezaji wa Mbeya arudishe tu mtaji wake, bei ya dunia ya 22B yake lazima iwe zaidi ya mara mbili, huku shamba la parachichi la Rungwe au Njombe likiendelea kuzaa. Sisemi kodi hiyo iondolewe. Nchi ina haki ya kuzuia magari mabovu. Nasema tu kwamba kwa anayeishi hapa, faida ya ukusanyaji imeliwa kabla gari halijapita Kibaha, na kilichobaki mkononi ni raha ya kuendesha. Asipoiendesha, amenunua nini?

Wapo watakaosema mazungumzo haya ni ya matajiri watatu. Hapana. Kipimo hikihiki kinamhusu kijana anayetafuta Impreza WRX STI ya mtumba, au Altezza, gari lililotamba mitaani kwetu kwa miaka mingi. Altezza RS200 yenye gia sita za mkono na magurudumu ya nyuma yanayosukuma haikuwahi kuwa toleo adimu, haina turbo, na kwa hiyo Mbeya inaikata nguvu. Lakini usukani wake ni mtamu na injini yake ya lita 2 inaangukia kwenye ushuru wa bidhaa wa asilimia 5. STI ya kawaida ina turbo, inasukuma magurudumu manne, na mafundi wanaoijua hawakosekani. Toyota GR Yaris ya 2020, silinda tatu, lita 1.6 na turbo, ilizaliwa kwa haja ya mashindano kama Celica za zamani, na ni nyepesi kuliko 911 R, Dakar na Sterrato, ingawa iko chini mno kwa njia za Makete wakati wa mvua. Matoleo yake yenye majina ya mabingwa wa mbio Ogier na Rovanperä, magari 100 kwa kila mmoja nchini Japani, waachiwe Wajapani.

Tatizo la soko letu ni kwamba tunanunua sura ya uadimu na kuua uhalisia wenyewe. STI inafika ikiwa na injini yake ya asili. Baada ya miaka miwili ina injini ya kubadilisha, bodi imepigwa rangi ya buluu, rimu za dhahabu na nembo ya toleo ambalo halikuwa, na kadi ya gari haiendani na kilichomo chini ya boneti. Mkusanyaji yeyote makini huanza na namba ya chesisi, na gari hilo limeshaanguka mtihani kabla hajawasha. Dereva naye hakupata kitu, kwa sababu pesa ya rimu ndiyo ingenunua shokapu na breki.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Mwenye pesa nyingi anayetaka toleo maalumu la kutumia Mbeya au Iringa achukue 911 Dakar, Sterrato ifuate kwa mbali, na 911 R ibaki Ulaya, iwe kwa raha au kwa faida. Anayeota 22B kama uwekezaji, ainunue na kuiacha Japani au Uingereza, huko huko mnada uliko. Na mwenye pesa ya kawaida atafute STI au Evolution VI isiyo na jina la mtu, yenye injini iliyokuja nayo na nyaraka zinazolingana na chesisi, aanze na breki na shokapu kabla ya kugusa rimu, kisha akaiendeshe.